Golda Meir na Suala la Ardhi Inayodhaniwa Tupu: Mtazamo kutoka Ukingo wa Tana

Utangulizi

Mwaka 1894 kundi la Wazungu lilishuka Lamu likiwa na ramani, mizigo na ndoto. Kundi hilo lilikusudia kuupanda Mto Tana kutoka mdomo wake ulio karibu na Kipini, lipite katika nchi ambayo leo ni eneo la Garsen, na hatimaye lifike nyanda za Mlima Kenya. Huko lingeanzisha jamii mpya isiyo na tajiri wala maskini. Mpango huo ulitokana na kitabu kiitwacho Freiland, yaani Nchi Huru, kilichochapishwa mwaka 1890 na Theodor Hertzka, mwanauchumi aliyezaliwa Budapest. Safari ilivunjika papo hapo pwani kabla ya mwaka kwisha, na nchi hiyo huru haikupatikana.

Hertzka hakuwa Mzayuni. Hata hivyo, mwaka 1896 Theodor Herzl, mwasisi wa Uzayuni wa kisiasa, alipoandika kitabu chake kuhusu dola ya Wayahudi, alikitaja kitabu cha Hertzka katika dibaji ili kuonyesha jinsi mpango wake mwenyewe ulivyotofautiana na ndoto ile ya Afrika. Hivyo basi, bonde la Tana limo, japo kwa mbali, katika historia ya fikra iliyomzaa mmoja wa wanawake mashuhuri katika siasa za karne ya 20: Golda Meir.

Makala haya yanaeleza maisha ya mwanamke huyo, tangu alipokuwa mwanaharakati wa mitaani hadi alipokuwa waziri mkuu. Fauka ya hayo, yanachunguza swali moja linalopita katika maisha yake yote na ambalo wakazi wa Tana wanalijua vyema: nani huamua kwamba ardhi fulani ni tupu?

Maana ya Uzayuni

Ni muhimu kuanza na istilahi. Msomaji wa Kiswahili huifahamu Sayuni kutoka katika Biblia na nyimbo za kanisani, ambamo ni kilima cha Yerusalemu na pia taswira ya makao ya raha. Neno Uzayuni, ambalo hutumika zaidi katika taarifa za habari, lina asili hiyohiyo lakini lina maana ya kisiasa. Ni harakati iliyoanza Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 kwa lengo la kuwapatia Wayahudi nchi yao wenyewe. Mkutano mkuu wake wa kwanza ulifanyika Basel, Uswisi, mwaka 1897.

Harakati hiyo ilikaribia sana kuigusa Kenya. Mwaka 1903, Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapa Wazayuni fursa ya kupata makao katika Afrika Mashariki. Mpango huo uliitwa wa Uganda, ingawa ardhi iliyokusudiwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo umo nchini Kenya. Mkutano wa sita wa Wazayuni ulipiga kura mwaka huohuo, 295 dhidi ya 178, kutuma tume ya uchunguzi. Tume hiyo ya watu watatu ilizuru uwanda huo mwanzoni mwa 1905, na katika mwaka huo mkutano wa saba ukaukataa mpango. Wanandi na majirani zao, waliokuwa wakilisha mifugo katika mbuga hizo, hawakuulizwa walipopewa wageni fursa hiyo. Wala hawakuulizwa ilipokataliwa.

Utoto wa hofu na ujana wa harakati

Golda Mabovitch alizaliwa tarehe 3 Mei 1898 mjini Kyiv, uliokuwa wakati huo chini ya himaya ya Urusi. Baba yake alikuwa seremala. Kumbukumbu ya kwanza aliyokuwa nayo Golda maishani ilikuwa ya baba yake akipigilia mbao mlangoni kwa sababu kulivuma habari kwamba makundi ya watu yangekuja kuwashambulia Wayahudi. Mashambulizi hayo hayakufika siku ile. Hata hivyo, mtoto alikuwa amekwisha kujifunza kwamba kuna watu wanaoweza kuuawa kwa sababu ya asili yao, na kwamba mbao za baba hazitoshi kuwakinga.

Baba alihamia Marekani mwaka 1903, na mwaka 1906 familia ikamfuata Milwaukee. Mama yake alifungua duka dogo la vyakula, na Golda, akiwa na umri wa miaka minane tu, alilazimika kusimama nyuma ya meza ya duka kila asubuhi mama alipokwenda sokoni kununua bidhaa. Mara nyingi alichelewa shuleni huku akilia. Alipokuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, aliwakusanya wenzake wakachanga fedha za kuwanunulia vitabu watoto wasio na uwezo. Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba na harambee yake ya kwanza.

Wazazi wake hawakuona haja ya msichana kusoma sana, na mama alianza kumtafutia mume aliyemzidi umri kwa mbali. Golda alitoroka akaenda Denver kwa dada yake Sheyna. Nyumba ya Sheyna ilikuwa baraza la wahamiaji waliojadili ujamaa, Uzayuni na haki za wafanyakazi hadi usiku wa manane, na humo binti huyo alisikiliza na kujifunza. Humo pia alikutana na Morris Meyerson, mpaka rangi wa mabango aliyependa muziki na mashairi. Walioana mwaka 1917.

Aliporudi Milwaukee, alijiunga na chama cha Wazayuni wajamaa kilichoitwa Poale Zion, akaanza kuhutubia barabarani. Baba yake aliona ni aibu binti kupiga kelele njia panda, akaapa kwenda kumburura kwa nywele. Alikwenda kweli, akasimama katika umati, akasikiliza, kisha akarudi nyumbani kimya. Binti yake alikuwa amemshinda kwa maneno.

Merhavia na Fula

Mwaka 1921 Golda na mumewe walihamia Palestina, iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Waliomba kujiunga na kibutzi cha Merhavia, yaani kijiji cha ushirika ambamo mali yote ni ya pamoja. Ombi lao lilikataliwa mwanzoni, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba Mmarekani asingeweza kazi ngumu. Alipokubaliwa, alifanya kazi shambani, jikoni na katika mabanda ya kuku, na baada ya muda wenzake wakamchagua awawakilishe katika mikutano ya nje. Hapo ndipo safari yake ya uongozi ilipoanza.

Hata hivyo, ardhi ya Merhavia ilikuwa na historia yake. Mwaka 1910 familia ya Sursuq, matajiri wa Beirut waliokuwa na hati za kuimiliki, iliwauzia Wazayuni ardhi ya kijiji cha Fula. Waarabu waliokuwa wakiilima hawakuwa na hati. Walikuwa wapangaji kwa mujibu wa sheria, ingawa jasho lao ndilo lililoilisha ardhi hiyo. Shukri al-Asali, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Nazareti chini ya dola ya Uthmaniya, alijaribu kuuzuia uuzaji huo akashindwa. Wakulima waliondoka. Kwa hiyo, Golda alipofika miaka kumi na mmoja baadaye na kulima kwa mikono yake, alilima ardhi iliyonunuliwa kwa njia halali, na ambayo wenyeji wake walikuwa wamekwisha kuondolewa.

Mfano huu ni muhimu kwa sababu unaonyesha kwamba kumpokonya mtu ardhi hakuhitaji bunduki wakati wote. Hati na muhuri vinatosha, ikiwa aliyeitumia ardhi hakuwahi kuandikwa popote.

Kutoka jukwaani hadi serikalini

Maisha ya kibutzi yalimshinda Morris, aliyeugua malaria na ambaye hakutaka watoto wake walelewe na jamii nzima. Waliondoka, wakapata mtoto wa kiume mwaka 1924 na wa kike mwaka 1926. Golda alikaa nyumbani kwa miaka michache ya dhiki, akifua nguo za shule ili kulipia ada ya mwanawe. Mwaka 1928 alikubali kazi ya ukatibu wa Baraza la Wanawake Wafanyakazi. Tangu hapo hakurudi tena jikoni kama mama wa nyumbani tu. Ndoa yake ilivunjika kimyakimya, na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1975 alikiri uchungu wa mama anayewaacha watoto ili kwenda kazini. Wasomi wanaotaka kumfanya kielelezo cha wanawake hawana budi kuikumbuka gharama hiyo.

Mwaka 1938 alihudhuria mkutano wa Evian, Ufaransa, akiwa mtazamaji asiye na haki ya kusema. Wajumbe wa nchi zaidi ya thelathini walisimama mmoja baada ya mwingine, wakawahurumia Wayahudi waliokuwa wakiteswa na Hitler, kisha takriban wote wakaeleza ni kwa nini hawakuweza kuwapokea wakimbizi. Miaka michache baadaye Wayahudi milioni sita walikuwa wameuawa. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ni vigumu kuuelewa ugumu wa msimamo wa Golda bila kukiona chumba kile cha Evian.

Alipaa haraka. Januari 1948 alizunguka Marekani akihutubia, akakusanya ahadi za dola milioni 50 za kugharimia vita vilivyokuwa vikikaribia. Tarehe 10 Mei mwaka huo alivuka kwa siri hadi Amman akiwa amevaa mavazi ya mwanamke Mwarabu ili kumsihi Mfalme Abdullah asiingie vitani, lakini hakufanikiwa. Siku nne baadaye alikuwa miongoni mwa wanawake wawili tu waliotia saini azimio la kuundwa kwa Israel. Mwingine alikuwa Rachel Cohen-Kagan.

Katika siku hizohizo lilitokea jambo ambalo halitajwi sana. Golda alizuru Haifa baada ya Waarabu wengi kuukimbia mji huo. Aliingia katika nyumba zao akakuta kahawa na mikate imeachwa mezani. Aliporipoti kwa viongozi wenzake, alisema hakuweza kujizuia kuona kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya miji mingi ya Wayahudi huko Ulaya. Kwa muda mfupi, binti wa seremala wa Kyiv aliuona mlango wa mtu mwingine uliopigiliwa mbao. Vita vilipokwisha, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikuwa wamepoteza makao yao, na hawakuruhusiwa kurudi.

Golda alikuwa balozi wa kwanza wa Israel mjini Moscow, kisha Waziri wa Kazi kuanzia 1949 hadi 1956. Katika miaka hiyo wahamiaji wapatao 700,000 waliingia Israel, wengi wao wakitoka katika kambi za Ulaya na katika nchi za Kiarabu ambako nao walikuwa wamepoteza usalama na mali zao. Wizara yake iliwajengea nyumba na barabara, na mwaka 1953 ikapitishwa sheria ya bima ya taifa. Mwaka 1956 aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Nje, akalibadili jina lake kutoka Meyerson kuwa Meir.

Golda na Afrika

Akiwa waziri huyo, aliifanya Afrika kuwa shauri lake la moyoni. Alizuru Afrika Magharibi mwaka 1958, na wataalamu wa kilimo, afya na ushirika wakafuata. Mwaka 1961 kilianzishwa mjini Haifa kituo cha kuwafunza wanawake kutoka Afrika na Asia kazi za maendeleo ya jamii. Nchini Kenya, Israel ilisaidia kuanzisha chuo cha wafanyakazi wa maendeleo ya vijijini huko Machakos.

Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, alifika Kenya akakutana na Jomo Kenyatta. Ni mwaka huohuo Kenya ilipopata wimbo wake wa taifa, ambao lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Sauti ya mama wa ukingo wa Tana ikawa sauti ya dola.

Mwaka uliofuata, wakati wa sherehe za uhuru wa Zambia, Golda alipelekwa pamoja na wageni wengine kuyaona maporomoko ya Victoria. Upande wa pili ulikuwa Rhodesia, na polisi wa huko walitaka kuwatenga wageni Waafrika na wageni Wazungu. Golda alikataa kushuka akarudi Lusaka. Aliutambua ubaguzi mara moja, na hakusita.

Hapo ndipo linapozuka swali gumu. Je, inakuwaje mtu auone wazi unyonge wa Mwafrika mpakani mwa Rhodesia, lakini asiuone wa jirani aliye ng'ambo ya ua?

Uwaziri mkuu na upofu wa ushindi

Golda Meir alikuwa waziri mkuu Machi 1969, akiwa na umri wa miaka 70. Alikuwa mwanamke wa tatu duniani kushika wadhifa huo, baada ya Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka na Indira Gandhi wa India. Kulienea msemo kwamba yeye ndiye mwanamume pekee katika baraza la mawaziri. Yeye mwenyewe hakuufurahia, kwani sifa hiyo ilichukulia kwamba kuwa mwanamume ni cheo.

Juni mwaka huo, katika mahojiano na gazeti la Sunday Times la London, alikana kuwa kulikuwapo na watu waliojihesabu kuwa taifa la Wapalestina ambao Wayahudi waliwapokonya nchi. Baadaye alilalamika kwamba alinukuliwa vibaya, na kwamba alichokana ni kuwapo kwa taifa tu. Lakini kauli hiyo ilikwisha kuonyesha umbali uliokuwapo kati ya waziri mkuu wa 1969 na mwanamke aliyesimama mbele ya kahawa iliyoachwa mezani Haifa.

Tarehe 6 Oktoba 1973 Misri na Syria zilishambulia Israel ghafla. Waisraeli zaidi ya 2,500 walikufa, na upande wa Waarabu walikufa wengi zaidi. Kenya, kama nchi nyingi za Afrika, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel mwaka huo, na haikuurejesha hadi 1988. Tume ya uchunguzi haikumlaumu Golda binafsi, lakini umma ulimlaumu, naye akajiuzulu Aprili 1974. Alifariki Yerusalemu tarehe 8 Desemba 1978.

Funzo kwa ukingo wa Tana

Msomaji anaweza kuuliza Golda anaihusu nini Garsen. Jibu limo katika ramani. Mtu anayelitazama bonde la Tana kutoka mbali huona uwanda mpana na watu wachache. Anayeishi humo huona kingine: mashamba ya Wapokomo yanayofuata mafuriko ya mto, mapito ya mifugo ya Waorma na Wawardei kuelekea majini, yaitwayo malka, misitu ya Wasanye, mabwawa ya wavuvi. Ardhi moja hutumiwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Katika miezi ambayo mfugaji yuko mbali, malisho yake huonekana hayana mwenyewe. Mkulima akisubiri maji yapungue, shamba lake huonekana pori.

Hivyo ndivyo kundi la Hertzka lilivyodhani mwaka 1894. Hivyo ndivyo pia mipango mikubwa ya kilimo cha miwa katika delta ilivyochorwa katika miaka ya 2000, hadi wakazi wakaipeleka mahakamani. Hata wenyeji wenyewe hawajanusurika na upofu huo. Mpango wa kupima na kugawa ardhi ulichangia kuchochea mapigano ya mwaka 2001, kwa kuwa hati ya mkulima inaweza kuziba njia ya ng'ombe. Mwaka 2012 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto waliouawa Riketa mwezi Agosti. Kila upande ulikuwa na madhila yake ya kweli, na kila upande uliyahesabu ya kwake peke yake.

Tangu katiba ya 2010, kila mojawapo ya kaunti 47 humchagua mwakilishi mwanamke katika Bunge la Taifa, na Tana River imekuwa na mwakilishi wake tangu uchaguzi wa 2013. Njia aliyoipita Golda, kutoka harambee ya vitabu hadi bungeni, si ngeni tena kwa binti wa Garsen au Hola. Anaweza kujifunza kwake ujasiri wa kusimama njia panda hata kama baba anakuja na hasira. Anaweza pia kujifunza pale Golda aliposhindwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Golda Meir alikuwa mwanamke wa kipawa na uvumilivu mkubwa, aliyesaidia kuwapatia makao watu ambao dunia iliwafungia milango. Yameonyesha pia kwamba makao hayo yalijengwa mahali palipokuwa na watu wengine, na kwamba aliwaona kwa muda kisha akawakana. Mateso humfundisha mtu kulinda mlango wake; hayamfundishi yenyewe kuangalia mlango wa jirani. Somo hilo la pili halina budi kutafutwa kwa makusudi. Kwa kiongozi wa Tana linaanza na jambo dogo: kabla ya kutia saini ramani yoyote, aulize ni nani hupita hapo wakati wa kiangazi, na ni nani hulima hapo maji yanapopungua.